Mkoba Ulioshonwa Upande Mmoja

Mume wangu anashona mikoba ya ngozi ya pikipiki, ile inayoning'inia huku na huku ya tairi la nyuma, na hatumii uzi wala cherehani. Anatumia kamba alizokata kwenye ngozi hiyohiyo. Watu wanamwita Fundi Kamba, na jina limemkaa. Kwetu mpini wa ndoo umezungushiwa kamba, komeo la mlango limezungushiwa kamba, hata miwani yake ilipovunjika aliifunga kamba akaenda nayo harusini. Nilinuna njia nzima.

Kazi yenyewe naijua, nimeikalia miaka. Yeye hukaa kwenye benchi dirishani, mkoba kaubana magotini. Anatoboa kwa msharasi, ile sindano nene yenye mpini wa mti, kisha anaanzia katikati ya kitako cha mkoba na kupanda na kamba upande mmoja hadi mdomoni. Halafu anarudi chini na kupanda upande wa pili. Mimi nakaa kwenye kigoda, mkono wake wa kushoto, nazipaka kamba nta na kumpa. Hageuzi hata shingo. Anatoa mkono tu, naweka kamba. Ndivyo tulivyolea watoto wetu mpaka wakaoa na kuolewa, tukabaki wawili na harufu ya nta.

Sasa basi, asubuhi moja nikampa kamba, mkono haukuja.

"Shika," nikasema. "We mzee, shika basi!"

Akageuza uso upande wa kulia, kuelekea mlangoni, akauliza, "Nani huyo anaita?"

Jamani! Nimekaa ubavuni pake, magoti yetu nusura yagusane, ananiuliza nani anaita! Nikadhani mzaha. Nikacheka. Hakucheka. Akajichukulia kamba nyingine rafuni, upande wake wa kulia, akaendelea na kazi kana kwamba kigoda changu ni kitupu.

Nikamnunia. Na kuninunisha si mchezo, muulize yeyote. Lakini huyu hata hakujua kwamba amenuniwa! Alikuwa akipiga mluzi. Akinyoa ndevu, ananyoa shavu la kulia na la kushoto analiacha na magugu yake. Akitoka nje, anajigonga bega kwenye fremu ya mlango ule ule aliouweka mwenyewe, kisha anaulaani mlango. Mezani anakula nusu sahani, anasukuma, anasema siku hizi nampunja. Sasa mimi nielewe nini? Nilikuwa nalala nikiwaza, naamka nikiwaza, na kila jibu nililolipata lilikuwa bovu kuliko lile la kabla yake.

Wifi yangu, dada yake, akaja na jibu lake mkononi. "Mwanamume akikufanya hewa, kuna mwanamke."

"Mwanamke gani huyo anayependa mtu aliyenyolewa nusu?" nikamuuliza. Lakini neno lake lilikuwa limeshaniingia. Jioni ile nikatoa begi uvunguni, nikaanza kukunja nguo. Niliamua kwenda kwa dada yangu. Siwezi kuishi na mtu ambaye kwake sipo.

Kabla sijaondoka akatokea Bwana Haraka, mteja wetu anayesambaza vipuri kwa pikipiki, jasho linamtoka.

"Fundi, umeniua! Plagi zangu zimemwagika barabara nzima!"

Akautupa mkoba mezani. Nikautazama. Upande wa kulia, kamba zimepanda safi, zimekaza, kazi ya Fundi Kamba mwenyewe. Upande wa kushoto hamna kitu. Hata tundu moja halikutobolewa. Ngozi imeachama tu.

Mume wangu akapitisha vidole kwenye zile kamba. "Mbona mzima?" akasema. "Nionyesheni ulipoachia."

Uso wake wa uongo naujua, huwa unang'aa puani. Huu haukuwa huo. Bwana Haraka akanitazama, nami nikamtazama, hasira yake ikampotea palepale. "Basi, Mama," akaninong'oneza, "nitarudi siku nyingine."

Nikampakulia mume wangu chakula kwa kisirani, cha kuagana. Akala nusu, akasukuma sahani. "Unanipunja bwana."

Hapo nikalipuka. Nikaikamata ile sahani, nikaizungusha mbele yake. "Na hiki nini? Hiki nini hiki?"

Uso ukamchangamka kabisa. "Aa, umeongeza! Ahsante." Akainama, akala.

Ni chakula kilekile alichokiacha; huyu mtu anaumwa. Nikarudi chumbani nikafungua begi, nikazirudisha nguo. Kesho yake tukaenda hospitali.

Daktari alimpima, kisha akaniita pembeni. "Ni kiharusi kidogo, kimempiga kichwani. Macho yake mazima. Ila akili imeacha kushughulika na upande wa kushoto. Si kwamba anaona giza. Kwake upande huo haupo."

"Na anayekaa upande huo?"

Alinielewa. Akateremsha macho. "Naye hayupo."

"Basi nahamia kulia leo hii."

"Ukihamia atakuona," akasema, "lakini kushoto hatakutafuta tena. Kaa hukohuko, Mama, umvute. Weka kitu chekundu ukingoni, azoee kukitafuta. Wengine hurudi. Wengine hawarudi."

Yaani ili niwe mke wake, nikae mahali ambapo sina mume! Nilirudi nyumbani na fumbo hilo, na mpaka leo sijui kama nimelielewa. Wifi alihamia kulia mara moja, wakawa wanapiga soga na kucheka, nami nipo palepale kwenye kigoda changu, wivu unanichoma.

Nikatia kamba moja rangi nyekundu, nikatoboa tundu na kuipenyeza kwenye ukingo wa kushoto wa mkoba wa Bwana Haraka. "Usiuweke chini mpaka uione nyekundu," nikamwambia.

"Iko wapi?"

"Njoo huku."

"Nimekuja."

"Njoo tena."

Alikuwa akigeuza shingo kama mtu anayesukuma kabati zito, jasho linamtoka, anachoka, anaacha. Kesho yake tena. Kuna siku nilimpigia kelele hadi majirani wakaja. Kuna siku yeye alinipigia kelele, akiwa ameuelekea mlango.

Halafu asubuhi moja akaiona. Akaigusa kwa kidole, akaanza kuifuata. Ile kamba sikuwa nimeikata, ncha yake nilikuwa nayo mimi, naipaka nta. Vidole vyake vikavuka ukingo wa mkoba, vikaja na kamba hewani, vikafika gotini kwangu, vikapanda hadi kwenye mkono wangu, vikaishika pete. Akainua macho.

"Kumbe upo," akasema. "Ulikwenda wapi muda wote huu?"

Matusi niliyomwekea yalikuwa tele, na hakuna hata moja lililotoka. Nililia tu. "Sikwenda popote," nikasema.

Akanipapasa mkono, akatikisa kichwa kwa mshangao. Kisha akaurudia mkoba, akainamia msharasi, akaanza kupiga mluzi, nami nikajua ameshanipoteza tena. Nikaishika vizuri ncha ya kamba, nikaivuta kidogo.