Herufi za Kesho kwenye Pipa la Dawa

Hadi leo nikiona herufi O iliyochorwa kwa bikari, duara kamili lisilo na unene wala wembamba, nasikia kinyaa. Watu husema ni uzee. Waseme.

Enzi za Mwingereza nilikuwa mchora maandishi pale Tunduma. Niliandika vibao vya maduka, milango ya ofisi na misalaba ya makaburi. Herufi zangu zilikuwa zile za kitabu cha darasa la ubatizo, kwa kuwa hizo ndizo watu wetu walizozijua. Shangazi yangu wa Kamsamba, aliyenilea baada ya mama kufariki, alijifunza kusoma ukubwani kwa herufi hizohizo, kidole kikitembea chini ya mstari. Alipoona kibao changu cha kwanza alikisoma mara tatu, kisha akasema mkono wangu ni mzuri kuliko tabia yangu.

Halafu akaja bwana mmoja kijana, Mzungu wa kazi za mifugo, aliyekuwa amebuni herufi zake mwenyewe. Alizitandaza mezani kwangu. Zilikuwa duara, nusu duara, pembetatu na mistari, basi. A ilikuwa pembetatu iliyojaa rangi, haina hata tundu. E ilikuwa mistari mitatu iliyolala, bila mgongo. S ilikuwa nusu duara mbili zilizopeana mgongo, moja juu ya nyingine. U ilikuwa nusu duara iliyojaa, na M pembetatu mbili zilizosimama bega kwa bega.

"Hizi ni herufi za kesho," aliniambia. "Kila kitu kitaandikwa hivi, ndege, meli, miji mizima."

"Bwana, hapa hakuna atakayezisoma."

"Watajifunza."

Alisema hivyo bila kunitazama, akipuliza vumbi la kifutio kwenye karatasi yake. Nilimchukia tangu hapo.

Kazi yenyewe ilikuwa mapipa ya dawa ya kuogeshea ng'ombe, yaliyokuwa yakishushwa kwenye josho la Kamsamba. Dawa ile iliua kupe, na ingeua mtu vilevile. Kila pipa lilitakiwa kuandikwa SUMU, kwa rangi nyekundu na nyeupe. Niliomba niongeze neno lilelile chini, dogo tu, kwa herufi za kawaida. Akasema nitamharibia mchoro.

Nikakubali. Ningependa kudanganya kwamba niliifanya kazi ile kwa hasira, lakini hapana, niliifurahia. Nilipewa bikari mpya na rangi ya ng'ambo isiyochuruzika. Pipa la mwisho lilipokauka nilirudi nyuma hatua kadhaa nikajisifu mwenyewe, peke yangu, kama mpumbavu.

Kwetu, baada ya mavuno, wanawake husiliba nyumba upya. Kuzunguka mlango huchora kwa udongo mweupe na mwekundu safu za nusu duara na pembetatu, ili mgeni ajue nyumba ni safi na amekaribishwa. Nimekulia ndani ya nyumba yenye mlango wa namna hiyo, na shangazi alijua kuchora kuliko wanawake wote wa pale. Nikayachora mapambo hayohayo juu ya sumu, siku mbili nzima, na sikuyaona. Nilikuwa najua neno, basi nikaona neno tu.

Dawa ilipomiminwa joshoni, mapipa matupu yaliachwa kando. Pipa la chuma la kuwekea maji ni mali kwenye joto lile, lakini yale ya zamani, niliyoyaandika kabla ya bwana yule kwa herufi za kitabu, yalikuwa yakiota kutu palepale. Wanawake walisoma, wakapita. Haya mapya hayakumaliza wiki, yakawa yamebebwa yote majumbani.

Nilipoitwa kwamba shangazi mgonjwa, nililikuta pipa mlangoni kwake, limejaa maji ya kunywa. Alikuwa amelisugua kwa mchanga na majivu, ndani tu. Nje hakugusa, asije akayafuta mapambo. Yalilingana na ya ukutani utadhani yamechorwa siku moja. Nikaingia ndani mbio.

Yeye alikuwa amelala mkekani, hana tena cha kutapika.

"Nilijua ni mkono wako," aliniambia. "Nikasema, leo watu wa mifugo wametuletea chombo cha wageni."

Nikatoka nikalipindua pipa, nikawatuma majirani wakayapindue na mapipa mengine. Niliporudi nikamwambia limeandikwa nini. Hakuniamini. Alidhani nampima akili kwa sababu ya homa.

"Andika hapa nione," akasema.

Nikachukua mkaa jikoni, nikaandika sakafuni, karibu na kichwa chake, kwa herufi za darasani. Akajivuta, akaweka kidole chini ya mstari, akasoma mara moja bila kukwama. Sumu. Kidole kikabaki palepale.

"Kumbe hujasahau kuandika," akasema. "Sasa mwanangu, mbona kule hukuandika hivi?"

Nikamwambia bwana alikataa.

Akageukia ukutani. Aliishi siku mbili zaidi, na maji akawa anapokea kutoka kwa jirani. Kwangu hakupokea.