Shikamoo Zimejaza Simu

Juzi nilikuwa kwa fundi simu hapa Ifakara, masikio yangu kazini kama kawaida. Bibi mmoja wa Katindiuka alileta simu iliyogoma kupokea jumbe za sauti za mjukuu wake aliye Mwanza.

"Imejaa, bibi. Nifute za zamani?" Fundi akabonyeza moja.

"Shikamoo bibi," ikasema simu.

Bibi akaiinamia. "Marahaba, mjukuu wangu."

Akabonyeza nyingine. Ni yale yale, na bibi akaitikia tena.

"Lakini zote ni shikamoo tu, bibi."

"Na zote naamkiwa mimi. Futa picha. Hata za marehemu babu yako, sura yake naijua."

Nilicheka hadi nikakohoa. Kisha nami, bibi kama yeye, nikampa fundi simu yangu aikague.

"Yako ina nafasi tele, bibi," akanisifia.