Siku Tuliyomrudisha Somoe

Nakumbuka siku tuliyomrudisha dada yangu Somoe kwa mumewe, mwanangu, na nikiikumbuka hata chai hainishuki. Usiniangalie hivyo, siumwi. Kaa hapo nikueleze, maana wewe ni mtoto wa kaka yangu, na Somoe alikuwa shangazi yako kama nilivyo mimi, ingawa hukumkuta.

Nilikuwa bado mbichi, nimeolewa juzijuzi tu, bado nakaa kwetu. Somoe aliolewa na kuli wa bandarini, mwanamume wa maneno matamu. Kijijini kwetu Mtawanya watu wote walimpenda. Hata mimi nilimpenda shemeji yangu, haji kwetu mikono mitupu. Kumbe ndani alikuwa anampiga dada yangu, na akimpiga anachagua mahali ambapo kanga inafunika.

Siku hiyo Somoe alikuja kwetu asubuhi na mapema, kwa miguu, na safari hii mdomo ulikuwa umevimba, hakuna cha kufunika. Ulikuwa msimu wa korosho, watu wako mashambani, ikabidi wafuatwe. Wakakaa barazani: mjomba wetu, baba, mshenga, na mume mwenyewe na wakubwa zake. Kwetu mwanamke hasemi kwenye kikao cha ndoa yake. Mjomba wake ndiye anayemsemea. Haya, msemaji huyo hakuingia ndani hata kumuuliza amsemee nini. Wakamuuliza mume, akasema mkewe anajibu ovyo. Wakamuuliza mshenga, akasema ndoa zote ndivyo zilivyo. Mume akaomba radhi, akatoa doti ya kanga na kuku wa suluhu, watu wakaitikia alhamdulillahi. Kuku huyo nilimpika mimi.

Jikoni Somoe alikuwa anakuna nazi. Bila kuinua uso akaniambia, "Mdogo wangu, nikirudi kule nitakufa."

Nikamkimbilia mama. Mama aliweka ungo chini, akasema, "Na mimi nilikuwa nasema hivyohivyo. Nikarudi." Akaendelea kupepeta mchele. Mwanangu, ndiyo siku niliyojua habari za mama yangu, na sikujua niweke wapi macho.

Aliyethubutu ni bibi yetu, mama yake mjomba. Alitoka akasimama mlangoni, wanaume wameshakula, wananawa mikono.

"Issa," akamwita mjomba, "huyu mtoto mmemuuliza?"

"Mama, mambo yamekwisha. Kuku ameshaliwa."

"Kuku mmemla nyinyi. Kipigo atakula nani? Mnaogopa aibu ya watu, mtoto wenu hamumuoni!"

Mjomba aliinamisha kichwa, lakini akaogopa kulivunja neno alilokwisha kulitoa mbele ya wakwe. Alasiri Somoe akapelekwa kwa mumewe, amejifunga ile kanga mpya.

Msimu haukuisha. Tukaletewa habari kwamba Somoe ameanguka chooni, amefariki. Kuanguka gani, jamani! Tulimwosha wenyewe, mimi na bibi na wanawake wengine, na mgongo wa dada yangu ulikuwa na makovu ya zamani na majeraha mapya. Nililia mpaka nikashindwa kushika kata ya maji. Bibi akanishika mkono. "Tazama vizuri," akaniambia. "Akiwa hai hatukumuuliza. Basi uwe unasema wewe." Polisi hatukwenda. Mjomba alipokea rambirambi kwa mkono wa yuleyule mume, tukazika, na matanga yalipoanuliwa tukarudi kuokota korosho. Uchungu wake ninao mpaka leo, na asije mtu akaniambia nisahau.

Sasa wewe umekuja Mtwara na huo utafiti wenu wa chuo kuhusu ukatili dhidi ya wanawake. Nimefurahi, wallahi. Angalau wamepatikana wa kuuliza. Lakini jana ulirudi kutoka Likombe unachekelea kwamba umemaliza mapema, kila mwanamke kajibu hajawahi kupigwa. Ukanisimulia na yule binti aliyemtazama kwanza mama mkwe wake ndipo akajibu. Ebo! Hilo nalo umeliita jibu? Mjumbe wa mtaa anawapeleka mpaka mlangoni, mnakaa sebuleni, mume anapitapita na kikohozi cha uongo, halafu unamuuliza mtu kama anapigwa. Hicho ni kikao cha akina mjomba, tofauti yake nyinyi mmekuja na kalamu.

Muulize akiwa peke yake, mwanangu. Kaa naye mnabangua korosho, mikono ikiwa na kazi mdomo nao unafunguka. Na kabla hujamuuliza, ujue akisema ndiyo atalala wapi usiku huo, nani atampeleka hospitali, nani atamsindikiza kwenye dawati la jinsia polisi asije akarudishwa njiani. Kama hujui, nyamaza mpaka ujue, kwa sababu wewe utaondoka na jibu lako, yeye anabaki na mpigaji. Akikwambia, mwamini. Maswali ya kwa nini hukuondoka mapema yaache hukohuko chuoni. Muulize anataka nini, umsikilize hata kama silo ulilolitarajia. Na hao vijana wa kiume mnaofanya nao kazi wakakae na wanaume wenzao, wazungumze nao kabla mkono haujainuka. Shemeji yangu hakuna hata mmoja aliyewahi kumwambia usoni kwamba mbaya ni yeye.

Leo usiende mtaa mwingine. Tafuta kwanza wa kumpokea, kisha rudi Likombe kwa yule binti. Mvizie bombani anapochota maji, mama mkwe akiwa mbali. Nenda, mwanangu. Mungu akutangulie, akupe ulimi laini na moyo wa kungoja jibu, na amlinde yule mtoto wa watu mpaka umkute yu hai.