Dereva Aliyepunguza Kiti cha Mumewe Bila Kumwambia

Taa inabadilika kuwa nyekundu na pikipiki zinajisogeza mbele ya magari, kila moja ikitafuta upenyo wake. Madereva wengi hawajishughulishi kutazama chini. Mguu mmoja unashuka, unakanyaga lami, mwenyewe anaendelea na simu au na abiria wake.

Mwanamke aliyevaa jaketi la kijani, mwenye kofia ngumu iliyobanduka rangi kisogoni, yeye anatazama. Anashusha mguu wa kushoto, halafu wa kulia. Nyayo zote mbili zinalala barabarani. Ndipo anapoinua uso na kuisubiri taa.

"Mpaka leo naangalia," anasema baadaye, akiwa ameegesha kijiweni kusubiri abiria. "Ni kama mtu aliyewahi kuibiwa. Akiingia tu kwenye watu, mkono unakwenda mfukoni wenyewe."

Hapa kijiweni anaitwa Kisoda. Ni mwanamke pekee kati ya madereva wote, na ndiye mfupi kuliko wote. Jina alipewa siku alipoingia na hakulikataa. "Ukigombana na jina la utani ndiyo umeligongea muhuri," anasema na kucheka.

Pikipiki anayoendesha ni ya mumewe, dereva wa zamani wa kijiwe hiki hiki, ambaye wenzake walimwita Mlingoti. Ni mtu mrefu kiasi kwamba siku ya harusi yao mpiga picha alilazimika kumsimamisha bibi harusi juu ya kreti.

Mlingoti alipoinunua pikipiki hiyo, magoti yake yalikuwa yakigonga usukani. Akaipeleka kwa fundi wa viti, akaongezewa sponji ya kutosha. Kiti kikapanda, miguu ikapata pa kukunjukia, na kwa miaka mingi akawa anasomesha watoto na kulipa kodi ya nyumba kwa kiti hicho.

Kisha macho yakaanza kumchezea. "Yalianzia pembeni," anaeleza Mlingoti, aliyekaa kwenye kigoda mlangoni kwake, mkewe akiwa karibu, uso ameuelekeza kwenye sauti ya mwandishi. "Watu walikuwa wananitokea ghafla barabarani kama wameota ardhini. Nikawa nalaumu watu. Kumbe wapo siku zote, mimi ndiye siwaoni."

Hospitali walimwambia ni presha ya macho. Leo anaona katikati tu, kidogo, kama anayechungulia kwenye bomba. Pikipiki ikalala uani, na aliyeiamsha ni mkewe. Kuendesha alikuwa anajua. Mlingoti mwenyewe ndiye aliyemfundisha enzi za uchumba, kwenye uwanja wa shule.

Lakini uwanjani hakuna foleni wala taa. Mjini, Kisoda aligundua kwamba kusimama ndiko kunakomshinda. Juu ya kiti kile vidole vyake vya miguu viligusa lami kwa ncha tu, tena upande mmoja, tena mpaka aegemee.

"Nilimwambia mara moja tu," anasema. "Nikamwambia, 'Baba watoto, kiti kiko juu mno, tukipunguze.' Akaniuliza, 'Na mimi nikipona nitakaa wapi?' Nilijiona kama niliyemwambia afe haraka. Sikurudia tena."

Badala yake akajifunza kuficha. Fundi viatu alimwongezea soli za tairi, nene kama matofali. Akisimama, alitafuta ukingo wa barabara au jiwe ili aweke mguu wa kushoto juu yake. Abiria wenye miili mikubwa aliwakwepa kwa uongo, akidai ameshaitwa na mteja mwingine. Akiitwa mtaa wa mlimani, simu yake ilikuwa ikiisha chaji ghafla.

"Wenzangu walidhani naringa," anasema. "Nikaona heri waseme naringa kuliko waseme miguu haifiki."

Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Kisoda hakuumbuliwa na kifo. Aliumbuliwa na mayai.

Ilikuwa asubuhi, siku ya soko. Mama mmoja muuza mayai alimsimamisha, akapanda nyuma na trei zake amezipakata kwenye ndoo kubwa. Alikuwa mwepesi, mzigo haukutisha, Kisoda akaona hakuna neno. Walipofika makutano ya sokoni, gari la mbele likafunga breki. Upande wa kushoto hapakuwa na ukingo. Palikuwa na mtaro uliokuwa umechimbuliwa.

"Nilishusha mguu, nikakuta hewa," anasema. "Mguu ukikosa ardhi, hakuna cha kushika. Unaanguka polepole, unaona kila kitu, na huwezi kufanya lolote."

Pikipiki ililala ubavu. Mayai yakamwagika barabarani mbele ya soko zima. Mtu mmoja akapaza sauti, "Leteni chumvi!" na watu wakaangua kicheko. Kisoda alikuwa chini, goti limechubuka, jaketi limelowa ute wa mayai. Anasema kicheko kile hakikumuuma. Kilichomuuma ni yule mama, ambaye hakucheka wala kutukana. Alikaa pale chini akiwa ameshika kifundo cha mkono kilichoteguka, akaitazama miguu ya dereva wake, kisha zile soli.

"Akaniuliza taratibu, 'Mwanangu, kumbe hufiki chini? Mbona hukuniambia nisipande?'" Kisoda anafuta uso kwa kiganja. "Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Angenizaba kibao ningeshukuru."

Alimpeleka yule mama hospitali kwa bodaboda ya mtu mwingine. Siku zilizofuata alikwenda kumjulia hali nyumbani kwake, akapokewa vizuri na kukaribishwa kiti, na kupokewa vizuri kukazidi kumtesa. Mkono ulipona. Hata hivyo mpaka sasa, anakiri, akiona trei za mayai mbele ya duka hupita upande wa pili wa barabara.

Nyumbani alisema ameteleza kwenye matope. Mlingoti akampa pole. Alimpapasa goti akalipaka dawa mwenyewe, polepole, akimuuliza kila mara kama anaumia.

Kesho yake Kisoda alikwenda kwa fundi wa viti.

Karakana yake ni banda la mabati lililobanana na duka la tairi. Viti vya pikipiki vimening'inizwa ukutani kama mbavu buchani, na sakafu imejaa vipande vya sponji na pini zilizopinda. Fundi ni mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alikigeuza kile kiti mara moja tu akakitambua.

"Hiki ni cha Mlingoti," akasema. "Nilikijaza kwa mkono wangu. Mwenyewe anajua?"

"Anajua," Kisoda akajibu.

Fundi akang'oa pini, akavua kava, akapiga mstari kwa chaki, akaanza kukata kwa msumeno mwembamba. Sponji ikawa inaanguka chini vipande vipande. Kisoda alitoka nje kusubiri. Anasema alishindwa kutazama.

Alipokipanda kiti kile miguu ilifika. Alifanya kazi siku nzima bila kutafuta jiwe. Alibeba hata abiria wa mlimani. "Nilipaswa kufurahi," anasema. "Lakini nilikuwa najisikia kama mwizi aliyevaa nguo ya wizi. Maana nilijua kwa nini nimethubutu. Nimethubutu kwa sababu haoni. Angekuwa anaona, nisingegusa."

Jambo moja alikuwa amelisahau, au alijisahaulisha. Kila asubuhi kabla mkewe hajatoka, ni Mlingoti anayeiosha pikipiki. Ni kazi aliyoing'ang'ania mwenyewe. Anaiosha kwa mikono zaidi kuliko kwa macho: tangi, taa, rimu, kiti.

Asubuhi iliyofuata Kisoda alikuwa jikoni akasikia maji yamenyamaza uani. Akatoka. Mumewe alikuwa amesimama, kiganja kimelala juu ya kiti.

"Mama watoto, kiti kimepungua."

"Sponji imelala," akasema. "Si unajua, kukaliwa kila siku."

"Sponji hailali kwa siku moja."

Kisoda alikaa chini kwenye majimaji ya sabuni, akasema yote: soli, uongo, mayai, yule mama, fundi. Alisubiri kelele. Kelele hazikuja.

"Mimi ndiye niliyestahili kukaa chini pale," anaingilia Mlingoti kutoka kwenye kigoda chake. Mkewe anajaribu kumzuia, yeye anaendelea. "Andika na hili, mwandishi, usiandike la kwake peke yake. Nilipomuuliza nikipona nitakaa wapi, nilikuwa nimeshaambiwa na daktari kwamba sitapona. Alisema kilichopotea hakirudi, dawa ni ya kulinda kilichobaki. Nilikwenda peke yangu siku ile, na nilirudi na hilo moyoni, nikalinyamazia. Nikamwacha mke wangu aning'inie barabarani na watoto wa watu nyuma yake, kwa ajili ya kiti ambacho nilijua sitakikalia."

Jirani anaanika nguo upande wa pili wa ukuta. Kamba inasikika ikilia.

"Aliponiambia hayo asubuhi ile sikujua nimkumbatie au nimgombeze," anasema Kisoda. "Tulikuwa wawili pale, kila mmoja anaangalia chini. Sijui nani alikuwa na aibu zaidi."

Aliyeanza kuongea ni Mlingoti, naye aliongea kama dereva. Alipitisha tena mkono kwenye kiti, akasema kimekatwa juu peke yake na sasa kimeteremkia mbele. Kweli, Kisoda alikuwa ameshaona kwamba akifunga breki anateleza mpaka kwenye tangi. "Twende kwa yule mzee akirudie," mumewe akasema.

Walikwenda pamoja. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Mlingoti kupanda nyuma ya pikipiki yake mwenyewe, na njia ya kwenda kwa fundi inapita mbele ya kijiwe.

"Nilimshika kiuno kama abiria mgeni wa mjini," anasema. "Niliwasikia wamenyamaza wote tulipokaribia. Nilitamani ile kofia ishuke mpaka mabegani. Halafu mmoja akaita, 'Mlingoti! Leo umebebwa?' Nikaona nikinyamaza nitanyamaza maisha yangu yote. Nikamjibu, 'Nimebebwa, na nauli silipi!' Wakacheka. Nikacheka na mimi, ila kwa shida."

Kwa fundi, hali haikuwa rahisi zaidi. Yule mzee alimwona Mlingoti akiongozwa kwa mkono, akamgeukia mwanamke. "Dada, uliniambia mwenyewe anajua." Kisoda alishindwa kuinua uso.

"Sasa anajua," Mlingoti akasema. "Fanya kazi, mzee wangu."

Safari hii kiti kilisawazishwa ili kisiteremkie mbele. Kisha kikachongwa kingo, pale mapaja yanapopita, kikawa chembamba. Fundi anaeleza kuwa watu wengi hudhani dawa ya kiti kirefu ni kukata juu tu. "Kiti kipana kinamtanua mtu miguu," anasema. "Ukikichonga pembeni, mguu unashuka wima, anapata chini, na sponji haijakatwa mpaka akalie plastiki." Mwisho akalegeza springi za nyuma kidogo, na pikipiki ikakaa chini kama kuku anayeatamia.

Kisoda aliikalia. Mumewe alichuchumaa, akaweka kiganja chini ya soli ya kiatu chake, upande mmoja kisha mwingine, kuhakikisha hakuna nafasi iliyobaki. Watu wa duka la tairi walikuwa wanatazama. Yeye hakuwaona, na mkewe hakumwambia.

Mambo hayajawa matamu yote. Siku nyingine Mlingoti huamka hataki kuongea. Pesa ya dawa ya macho ndiyo hutolewa kwanza kila jioni, kabla ya mafuta na kabla ya unga, na kuna siku haitoshi. Kisoda naye, akiulizwa na abiria kwa nini kiti cha pikipiki yake kiko hivi, hujikuta akijibu kwamba ndivyo kilivyotoka kiwandani.

Mvua zikikatika, wana safari. Wanataka kwenda kwa dada yake Mlingoti, mbali, mwendo wa siku nzima na ushee kwa pikipiki. Mlingoti anaijua njia ile kwa kichwa. Atakuwa anaelekeza kutoka nyuma, daraja lilipo, kona zilipo. Anataka kuiona sura ya dada yake wakati bado anaweza kuipata katikati ya lile bomba.

Dada mtu hajui lolote. Kila akipiga simu, kaka yake humwambia yuko kazini. Kisoda amejaribu kumshawishi aseme ukweli kabla hawajafika, asije akamshtua mwenzake. Mlingoti amejaribu, simu iko sikioni, maneno yakamkwama.

"Nimeona nisihangaike nayo," anasema, mikono ameifumbata magotini. "Atatusikia tunaingia uani, atatoka kutupokea. Atamwona wifi yake mbele, na mimi nyuma. Hapo atakuwa ameshaambiwa."