Sare za Kumpigia Debe Mume Wangu

Mume wangu alipoamua kugombea ubunge kwao, Samoa ya Marekani, mimi ndiye niliyechagua kitenge. Kwetu Tanzania shughuli bila sare si shughuli. Nikatafuta cha bluu chenye maua meupe, wanawake wenzangu wa kanisani hapa Adelphi, Maryland, wakashona magauni, na yeye nikamshonea shati. Kisiwa chenyewe hatukukijua hata mmoja wetu. Tulijua shemeji anagombea, basi.

Hakujipeleka mwenyewe. Alikuwa na kazi yake Sterling, jimbo jirani la Virginia, kwenye yale majengo ya kompyuta yasiyo na madirisha, ukoo wake ukakaa kikao na kumwita. Kwao ukoo ukishakubaliana, mtu hakatai. Nikampeleka uwanja wa ndege wa Dulles. Aliniahidi kwamba siku ya mkutano wake mkubwa atavaa shati langu na kuwaambia watu ana mke Mwafrika anayempigia debe. Nami, mtu mzima na akili zangu, nikaamini.

Baada ya wiki chache akaanza kulalamika kwenye simu. Wapinzani walikuwa wanasema yeye ni mtu wa Maryland, amekuja kuchuma kura kisha arudi zake. Nikamwambia awaeleze ukweli, maana watu humpenda mkweli. Akaniuliza kama baridi imeanza.

Siku ya mkutano, kwao mchana, kwetu jioni, sebule yangu ilijaa bluu. Nilipika pilau. Tukaunganisha simu na televisheni, na alipotokea na shada la maua shingoni tulipiga vigelegele mpaka jirani wa juu akagonga sakafu. Alivaa shati jeupe. Nikajisemea labda la kitenge limechafuka.

Alihutubia kwa lugha yao, hatukuelewa kitu, tukapiga makofi tu. Kisha mama mmoja mzee akasimama akamuuliza kwa Kiingereza: familia yake iko wapi? Mume wangu akatabasamu, tabasamu ninalolijua mimi.

"Familia yangu ni ninyi," alisema. "Kule sikuacha kitu."

Ukumbi wao ukalipuka kwa shangwe. Rafiki yangu Mkongo, aliyekaa miguuni pangu na sahani yake, alikuwa ameelewa vizuri, lakini aliniuliza taratibu, "Dada, ule bwana anasema nini?" Alitaka kunipa nafasi ya kudanganya. Sikuitumia. Nikazima televisheni, nikawauliza nani hajapata kachumbari, nao wakala kwa kunionea huruma, kila mmoja amevaa aibu yangu mwilini. Hilo sijamsamehe. Angenikana peke yangu, ningejua pa kuificha.

Alishinda. Akanipigia kwa furaha, akanieleza kwamba yale yalikuwa maneno ya kampeni tu, kila mgombea husema, nisiyaweke moyoni. Alitaka nisafiri nikashuhudie akiapishwa.

"Nije kama nani?" nikamuuliza.

Nilisikia watu nyuma yake wakicheka na kuimba. Nilisubiri. Nilitaka sana ajibu, hata kwa uongo, maana nilikuwa bado nampenda. Akasema, "Ngoja kidogo, wazee wananiita."

Nikakata simu.