Karani wa Lori la Serikali

Pale Ipinda karani wa lori la serikali hapokei chungu bila kukigonga. Hukiinua kwa viganja viwili, kama tufanyavyo sisi wafinyanzi wa Ikombe, akakigonga kwa ukucha, akatega sikio. Kikilia vizuri hukiandika namba kwa chaki. Sauti yake ni ndogo, lakini akisema hapana, ni hapana. Mimi herufi nazijua chache, ila vyungu ndivyo vyangu, na hajawahi kunikosea. Mama yake alikuwa mfinyanzi mwenzangu. Serikali ya Mwingereza ilimlipia karani huyu karo, kwa sharti aitumikie kwenye malori yake mpaka mkataba uishe. Baba yake ndiye mdhamini aliyeweka dole gumba kwenye mkataba huo.

Siku ile nilimfikia na vyungu na habari. "Mwanangu, mama yako ametutoka alfajiri. Mtumbwi unakungoja Matema. Kaburi halifukiwi mpaka mwanawe atupe udongo."

"Niliomba ruhusa tangu alipougua, mama. Bwana wa malori alikataa."

"Basi toroka! Huyo bwana ndiye aliyekuzaa?"

"Nikitoroka watamfunga baba. Nani atasimama kaburini?"

Nikamsogezea chungu kingine. Akaendelea kugonga. Alipofikia chungu chenye mistari ya mshazari shingoni, kazi ya mkono wa mama yake ile, ukucha ukasimama hewani.

"Hicho kiweke kando, ubaki nacho," nikamwambia.

Alikigonga. Akasikiliza muda mrefu. Kisha akakiandika namba kwa chaki, kama vingine vyote, akamwambia utingo, "Pakia."