Viti Vilivyotoka Chini ya Wakwe

Nitawasimulia, lakini atakayecheka kabla sijamaliza aondoke, maana hata leo nikipita mtaani kwetu Nyalukemba kuna watu wananisalimia huku wamefunika midomo, na wana haki yao.

Sisi familia tatu jirani tuna viti vya plastiki vya pamoja, tulichanga tukavinunua ili tuache kukodi kila tukiwa na shughuli, na sheria yetu ni moja tu: kilio kinapita sherehe. Mwenye msiba anachukua viti popote vilipo, hata kama umeshavipanga na kuvipamba. Sheria hiyo niliipendekeza mimi (ndiyo, mimi mwenyewe, na nikapigiwa makofi).

Basi, siku ya mahari ya binti yangu Neema, wakwe wametoka Kamituga, barabara ile mnaijua, wamefika na matope hadi kwenye kola, na mimi nimeapa kwamba leo hakuna kitakachoharibika. Asubuhi simu ilikuwa imelia, naangalia, ni Maman Zawadi, jirani wa nyumba ya chini, mwenzetu wa viti, ambaye baba mkwe wake alikuwa hoi hospitalini. Nikajua mzee ameshakufa na anavifuata viti. Nikajiambia, nisiposikia, sijakataa. Nikazima simu, nikafungulia muziki kwa sauti ya juu kabisa (nisisikie hata kilio chenyewe), nikaendelea kupanga viti.

Mchana, msemaji wa wakwe, mzee mmoja mpole, ndiyo kwanza amesimama kueleza kilichowaleta, lango likagongwa. Nikatoka mbio. Ni Maman Zawadi na wanawake wa kwao, macho mekundu.

"Maman Neema, tunakuita tangu asubuhi, simu inakatala. Muzee alituacha. Batu banaikala chini kule, tumekuja kukamata viti."

"Pole sana, maman, lakini mungojee kidogo, bakwe bako mu maneno!"

"Kilio inangojaka?"

Hapo bado ningeweza kuokoka, lakini mimi nikiamua nimeamua, nikatanua mikono langoni kama golikipa. Wakapita chini ya makwapa yangu. Wakaanza kukusanya viti vitupu, mimi nyuma yao napiga kelele, "Mutu asiinuke! Mutu asiinuke!", nikakishika kimoja upande huu, Maman Zawadi upande ule, tukavutana, mguu wa kiti ukakatika, nikaanguka matako chini na libaya langu jipya, blauzi ya kitenge, mbele ya viatu vya mkwe, mguu wa kiti mkononi.

Maman Zawadi akamweleza mzee msemaji sheria yetu.

"Na ni nani aliweka iyo sheria?" mzee akauliza.

"Ni yeye," mume wangu akajibu, akinionyesha kwa kidole. (Mume wangu!)

Wakwe wakaanza kunong'onezana. Nikamsikia mmoja akisema, "Nyumba yenye inakatalia kilio viti, tutatoa muke ya mutoto wetu mule?" Nikaona ndoa ya mwanangu inaondoka, na ni mimi niliyeifungulia mlango.

Neema alikuwa bado ndani, bibi harusi hatoki kabla ya kuitwa. Alitoka bila kuitwa. Na mapambo yake yote, akapandanisha viti, akavitia kichwani, akatoka langoni bila kuniangalia. Mzee akamtazama mpaka akapotea kwenye mteremko, kisha akageuka, akabeba kiti chake, na wakwe wengine wakabeba vyao.

"Uyu mutoto tunamubeba," akamwambia mume wangu. "Mama yake, ubakie naye."

Hata wafiwa walicheka. Nikawafuata huko chini na kile kiti kibovu, nikiwa nimejaa vumbi, nikakaa chini pamoja na wanawake. Maman Zawadi alisogea nipate nafasi kwenye mkeka wake. Ningependelea anitukane.

Mdogo wake Neema naye ameshapata mchumba. Nimeapa: siku yake kilio kikitokea, wakwe nitawainua mimi mwenyewe, katikati ya maneno yao, na kiti cha kwanza kutoka nitakibeba mimi.